Uso wa Shemeji

Kazi yangu ni kupaka watu poda wasing'ae kwenye televisheni. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya raha, na kweli zamani nilikuwa naringa nayo. Msomaji habari wetu ana kipara kinachowaka chini ya taa kama sufuria lililosuguliwa, na mimi ndiye ninayekizima. Yule bibi wa hali ya hewa ana chunusi, mimi najua ziko wapi, na simwambii mtu. Chumba changu kiko mwisho wa korido ya chini, hakina dirisha. Kuna kioo kirefu chenye balbu pembeni, viti viwili vya kuzunguka, beseni, feni inayolalamika kutwa, na picha ya Mlezi ukutani. Mlezi ndivyo tulivyoamriwa kumwita mkuu wa nchi. Kwenye hiyo picha naye kapakwa, na aliyempaka hakujua kazi, maana uso una rangi yake na shingo ina rangi yake. Hilo nalo simwambii mtu.

Kisha nikaongezewa wateja. Hawa waliingia kwa mlango wa nyuma, na kituo kizima tulitakiwa kuwaita wageni. Mgeni analetwa asubuhi, anakalishwa kwenye kiti changu, pingu anavuliwa ili mikono isionekane na alama mpya, mimi namfunika, halafu anapelekwa studio kusoma karatasi inayosema ameisaliti nchi yake na anaomba radhi. Akimaliza anarudishwa kulekule alikotoka. Wengine walionyeshwa jioni yake, wengine hawakuonyeshwa kabisa. Ghorofani kuna bwana tunayemwita Mkasi, kazi yake kukata, na akiona mgeni kasoma kwa kusitasita au katoa chozi mahali pasipotakiwa, anakata yote. Ndugu zao hawajui hata kama walifika pale.

Msidhani ni poda tu. Mtu mweusi akipigwa, alama zinakuja za zambarau inayokaribia kuwa nyeusi, na ukimpaka poda juu yake anatoka kijivu kama maiti. Lazima utangulize rangi ya chungwa, uipigepige kwa kidole mpaka ile zambarau ife, ndipo ulete rangi ya ngozi yake. Uvimbe ndio kazi ngumu. Uvimbe haufichiki, unaudanganya tu, unatia giza pale palipoinuka na mwanga pembeni, kamera inaona shavu la kawaida. Haya hakuna aliyenifundisha. Niliyajua kwa kuwa walizidi kuniletea.

Aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla yangu tulimwita Mama Wanja. Siku moja akiwa kwa msusi akasema kitu, sijui kitu gani, na sijamwona tangu hapo. Basi mimi nikafunga bakuli langu. Hata mdogo wangu wa kike, tumbo moja, sikumwambia. Yeye alijua dada yake anapaka vipara.

Huyo mdogo wangu ni mshonaji wa sare za shule. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa mpanga kurasa wa gazeti, mtu mpole mwenye utani mwingi na masikio yaliyotoka nje. Siku alipokuja kujitambulisha nyumbani nilimwambia mdogo wangu, huyu upepo ukivuma umshike. Wana binti mmoja ambaye bado hajaanza shule, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Kosa la shemeji nikikusimulia utadhani natia chumvi. Gazeti kabla ya kuchapwa lilipelekwa kwa wakaguzi, na siku hiyo wakaifuta habari ya maji ya bomba yaliyoua watoto kwenye mtaa wa viwanda. Hakuna jipya hapo, walifuta kila siku. Ila sheria yao inasema ukifutiwa habari, pengo usiliache, ulizibe na picha ya Mlezi, msomaji asijue kuna kilichoondolewa. Shemeji hakuziba. Aliacha ukurasa una shimo jeupe katikati, gazeti likatoka hivyohivyo, watu wakalinunua na kulitazama lile jeupe kuliko walivyowahi kusoma maandishi. Wakamchukua mchana, kazini kwake. Jamani, mtu kakamatwa kwa kutoandika kitu.

Tangu hapo mdogo wangu akawa mtu wa getini. Kule kwenye jengo la matofali mekundu wanakofungia waliokamatwa, wanawake hupanga foleni kila asubuhi kuuliza watu wao, na askari wa getini huwajibu wote jibu moja: hatuna mtu huyo. Wengi huinamisha kichwa wakaondoka. Mdogo wangu hakuondoka. Alimgombeza yule askari, akamuuliza mamaye alimlea vipi, akamwambia nitakuja kesho na kesho kutwa mpaka ustaafu. Aliporudi alikuwa hana sauti. Halafu anakaa kwenye cherehani anashona sare za watoto wa watu.

Basi asubuhi moja akaingia Kidevu. Huyo ni afisa anayewaleta wageni, kidevu chake kinatangulia mlangoni yeye anafuata. "Huyu anakwenda hewani leo jioni," akasema. "Atasomewa na msamaha wa Mlezi. Nataka atoke kama bwana harusi."

Wakamkalisha. Nilimtambua kwa masikio. Uso ulikuwa hautambuliki.

Sijui nilishika nini mkononi, nadhani ilikuwa sponji. Yeye aliniona kwenye kioo, macho yetu yakakutana, halafu akayaondoa akatazama beseni kama mtu anayetazama ukuta wa kituo cha basi. Mwanamume yule alikuwa na akili. Kama angetikisa hata nyusi tungeondoka wote wawili, na Kidevu angepata sifa ya kuvua samaki wawili kwa ndoana moja.

"Mbona umesimama?" Kidevu akaniuliza.

"Natafuta rangi yake, afande. Kila mtu ana yake."

Akaketi kwenye kiti cha pili, akajitazama kwenye kioo kama kawaida yake. Kidevu ana udhaifu mmoja na mimi naujua vizuri: pua yake ina vidoti vyeusi, na kila akija hujibinya mpaka atoke machozi. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia, "Afande, leo hiyo pua niishughulikie. Nina dawa nzuri, wasomaji habari wote wanaitumia. Ila nikishakupaka hufumbui macho wala husemi mpaka ikauke, la sivyo ngozi inakaa na mikunjo ya kizee."

Alifikiri. Alimtazama mgeni, akautazama mlango ambako askari wake alikuwa amesimama nje, akaitazama pua yake. Pua ikashinda. Nilimpaka uso mzima tabaka nene, nikambandika pamba machoni, nikamlazia kiti nyuma. Feni nikaiongeza hadi mwisho, ikaanza makelele yake. Ndipo nikamwinamia shemeji, mdomo wangu karibu na sikio lake.

"Shemeji," nikasema, na sauti ikanikatika.

"Usilie," akanong'ona. "Utaharibu rangi."

Unaona mtu huyo. Amekaa pale hana hata jicho zima na bado ananitania. Nilikasirika, nakwambia kweli. Nikamwambia, "Sikufuniki. Nitakupaka kitu chepesi juu ya mafuta. Zile taa zina moto, kabla hujamaliza kusoma kitatiririka chote, nchi nzima ione walichokufanya."

"Chiriku ataangalia."

"Tutamlaza mapema."

"Nani atamlaza? Mtaa mzima utamwita njoo umwone baba yako." Alivuta pumzi kwa shida, mbavu zilikuwa zinamuuma. "Nifunike, shemeji. Nifunike vizuri. Asinione hivi."

Nikaanza kupigapiga ile rangi ya chungwa chini ya jicho na kila nikigusa yeye anabana meno.

"Na lingine," akasema. "Mwambie mama yake asiache kuja getini. Chumba tulichomo kina tundu la hewa upande ule. Namsikia kila asubuhi akigombana na yule askari. Ana mdomo yule mwanamke." Akataka kucheka, mdomo ukapasuka tena, ikabidi nibane kwa pamba. "Nisikilize. Sisi wenye watu wa kutuulizia hawaharakishi kutugusa. Asiyeulizwa wanamhamisha, na aliyehamishwa hatujasikia karudi. Asiache hata siku moja. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Nikamfunika. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna ile na Mungu anisamehe, sitaki kuifanya tena. Nilimtafutia rangi yake ya siku za harusi. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, nikalidanganya. Mdomo nikauziba kwa nta laini na kuupaka juu yake. Kidevu alipotolewa pamba akaja akamtazama kwa karibu, akampitishia kidole gumba shavuni, akaridhika. Kisha akageukia kioo kutazama pua yake na akaridhika zaidi.

Saa sita mchana, nikielekea jikoni kuchukua chai, niliwaona wakimtoa. Msamaha ulikuwa umeshasomwa na umesharekodiwa, na yeye pingu zilikuwa mikononi. Wakampakia kwenye gari lilelile lililomleta. Wote waliowahi kusamehewa nimewaona wakiondoka hivyo.

Jioni nilikwenda kwa mdogo wangu. Chumba kilikuwa kimejaa majirani, wamekaa mpaka juu ya marobota ya vitambaa, na kati yao kuna mmoja anayepeleka maneno, ila hatujui ni yupi, kwa hiyo sote tulikuwa wapole. Ikatoka picha. Shemeji akasoma bila kukwama. Alisema lile shimo jeupe lilikuwa ishara kwa maadui wa nchi, kwamba alilipwa, kwamba anaona aibu. Alionekana mzima, ngozi laini, kama mtu aliyetoka likizo.

"Baba kanenepa," Chiriku akasema.

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutojua ufanye nini. Jirani mmoja akashusha pumzi, akasema, "Tumshukuru Mungu, angalau hawakumgusa." Kisha kipara changu, yule msomaji habari, kikatokea na kutangaza kwamba Mlezi kwa huruma yake amemsamehe kijana huyu, ameachiwa huru tangu mchana, na yuko huru kwenda atakako.

Mdogo wangu aliuacha mlango wazi. Nilitaka kumvuta pembeni, lakini majirani walikaa nao hawaondoki, kila mtu anataka awepo bwana atakapoingia. Hakuingia. Mimi ilibidi niwahi usafiri, nikamshika mkono mlangoni, nikamwambia tu, kesho usiache kwenda getini. Alinitazama kama nimerukwa na akili.

Asubuhi sikwenda kazini, nilikwenda kwake. Ulikuwa ni wakati wa foleni ya getini, na yeye nikamkuta kwenye cherehani anashona kola. Macho makavu. Chiriku alikuwa uani, anamsimulia paka wa jirani habari za baba yake.

"Mbona hukwenda?" nikamuuliza.

"Kwenda wapi?"

"Getini."

"Kumuulizia nani, dada? Si kaachiwa?" Hakuinua kichwa. "Kaachiwa tangu mchana, ana miguu, ana akili, anajua njia. Mimi nimesimama kwenye jua natukanwa na mtoto wa mtu, sare za watu zimelala, Chiriku hana viatu, nasema mume wangu anateswa. Kumbe analishwa. Umemwona mashavu? Kasema yote kwa mdomo wake, hata hakukohoa. Wangekuwa wamempiga ningemwelewa. Wallahi ningemwelewa. Lakini hana hata mkwaruzo."

"Hayuko huru."

"Nani kakwambia?"

Nikafunga mlango. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, magoti yakagusana. Nikasema, "Nilimpaka mimi."

Cherehani ikasimama.

"Wewe unapaka vipara," akasema.

"Napaka na waliokamatwa. Wanaletwa asubuhi, nawafunika, wanasoma, wanarudishwa. Jana alikuwa kwenye kiti changu. Nilitaka nimwache hivyohivyo watu wamwone, yeye akakataa, akasema Chiriku ataangalia. Anakusikia kila asubuhi ukigombana pale getini, kuna tundu la hewa. Amesema usiache hata siku moja. Wasioulizwa ndio wanaohamishwa. Na leo hujaenda."

Nilidhani atanipiga. Nilikuwa tayari anipige. Badala yake akaweka mkasi wake mezani, akanigeuzia uso, akafumba macho.

"Nionyeshe," akasema. "Wapi na wapi."

Nikaweka kidole chini ya jicho lake la kushoto. "Hapa." Nikakishusha shavuni. "Hapa pote. Huko si kunenepa." Kwenye mfupa wa pua. "Hapa." Kona ya mdomo. "Hapa palikuwa pamepasuka, pakapasuka tena alipokuwa anacheka habari zako." Nyuma ya sikio, hapa. Chini ya kidevu, hapa. Hakusogeza kichwa. Nilipoacha akaniambia niendelee. Nikamwambia kwingine kulikuwa chini ya shati, sikukuona.

Alifumbua macho. Akamwita Chiriku, akampeleka kwa jirani, akajifunga mtandio. Mimi nikachukua mkoba wangu.

"Wewe unakwenda wapi?" akaniuliza. "Wanakujua wale."

"Twende," nikasema.

Tulifika foleni imeshafupika. Mdogo wangu hakupanga. Aliwapita wanawake wote mpaka kwenye vyuma vya geti, akataja jina la mumewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya msiba wa mama yetu, na uso wake haukumtazama askari, ulitazama juu, kwenye ukuta. Akalirudia. Akalirudia tena.

"Acha kelele, mama," askari akasema. "Hatuna mtu huyo. Hukuangalia televisheni? Kasamehewa, kaondoka zake na afya yake."

Nilikuwa nimesimama nyuma. Ningeweza kubaki nyuma. Lakini lile neno afya lilinipanda kichwani, nikasogea mpaka nikavishika vile vyuma.

"Mnaye," nikasema. "Ile afya nimeipaka mimi. Ni kazi yangu. Jana asubuhi nilimpaka, na mchana nilimwona kwa macho yangu akirudishwa huku na pingu. Mnaye."

Askari alikuwa kijana, na nadhani hakuwa amefundishwa jibu la hilo. Akaingia kwenye kibanda chake, akafunga kioo, akanyanyua simu huku ananitazama. Nilijua anamwita Kidevu, na nilijua kituo chetu cha televisheni hakiko mbali.

"Nenda, dada," mdogo wangu akasema. "Kimbia."

Nikageuka, na njia ilikuwa imeziba. Wanawake wote wa foleni walikuwa wamenizunguka, wananitazama mikono. Kisha mmoja akauliza wake ana pengo la juu, mrefu, nilimpaka? Mwingine akasema wake ana mvi upande mmoja tu. Wakaanza kusukumana, kila mmoja anamtaja wake, kovu, doa, jino, kidole, na hakuna aliyenitukana. Bibi mmoja mzee sana, mfupi, akanishika mkono wangu wa kulia akauweka kwenye nyusi yake.

"Mwanangu amekatika hapa," akasema. "Alianguka mtini alipokuwa mdogo, nywele hazikuota tena. Hawakumwonyesha kwenye televisheni. Miaka yote hii nauliza. Ulimpaka?"

Nilimkumbuka. Nilikuwa nimeijazia ile nyusi kwa wanja.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Nilimpaka. Alikuwa hai." Nikasikia gari linakunja kona, na wale wanawake wakanisogelea zaidi, kila mmoja anataka nimjibu habari za wake kwanza.